Kimeng'enya Kilichopewa Jina Lisilo Lake

Cape Town,
8 Mei 2004

Ntate Seqhobane,

Huenda umeshanisahau, ila mimi siwezi kukusahau. Ni Keneuoe Lephoto, yule mwanafunzi wa mwaka wa pili uliyemtoa nje ya maabara kwa sababu ya pakiti ya chipsi. Ulisema, "Ausi, dada yangu, humu tunalisha bakteria. Watu wanalishwa kantini." Darasa zima lilicheka, nami nikaapa kwamba nitasomea bakteria mpaka siku utakayoniomba radhi. Miaka tisa imepita. Sasa niko Cape Town, namalizia uzamivu, na radhi bado sijaiona.

Nakuandikia kwa sababu kazi yangu imenileta mlangoni kwako. Profesa wangu alinipa ukoo mmoja wa vimeng'enya, ule ambao vitabu vyote vinauita wavunja-penisilini wa udongoni. Nikaanza kutafuta ni nani aliyeupa jina hilo kwa mara ya kwanza. Nikakuta makala ya 1984, mwandishi M. Seqhobane. Nilipiga ukelele hadi mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimemwagikiwa na asidi.

Mpaka leo hakuna aliyeona umbo la kimeng'enya hata kimoja cha ukoo huo. Vinajulikana kwa jina tu. Kazi yangu ni kuvikuza viwe fuwele, kuzipiga fuwele hizo eksirei, na kutokana na hapo kujua kila atomu imekaa wapi. Tukiliona umbo, tutauona na mfuko ambamo penisilini huingia ikakatwa. Nimechukua vimeng'enya vinne kutoka bakteria wanne tofauti, na kimoja ni kile kile chako, cha bakteria wa mizizi ya maharagwe. Bakteria hao nawakuza kama ulivyowakuza wewe, kwenye supu ya mizizi. Wiki iliyopita, baada ya miezi kumi na minne ya matone yaliyokauka bure, chako kimetoa fuwele. Ndogo kama chembe za chumvi, zina umanjano kidogo, lakini kingo zake zimenyooka kabisa. Nilizitazama kwa darubini nikakumbuka sauti yako.

Naomba msaada mmoja. Nahitaji fuwele kubwa zaidi, na makala haielezi hatua zote za kukisafisha kimeng'enya. Je, madaftari yako ya maabara ya miaka ile bado unayo? Hata kurasa mbili tatu zingeniokoa.

Mwanafunzi wako,
Keneuoe


Ha Sekantši, Mokhotlong,
29 Mei 2004

Ausi Keneuoe,

Nakukumbuka vizuri. Zilikuwa chipsi za siki, na harufu yake ilikaa maabara mpaka Alhamisi. Radhi siombi.

Barua yako iliwekwa dukani, na mwenye duka akaisoma bahasha kwa sauti mbele ya watu: "Chuo! Cape Town! Ntate Seqhobane, wamekuita kazini tena?" Nikamwambia nimestaafu, sasa mimi ni mchungaji wa kondoo kumi na mmoja ambao hawaniheshimu hata kidogo. Akasema hata wanafunzi hawakuniheshimu. Basi ndivyo tunavyoishi huku.

Nimefurahi kusikia kuhusu fuwele. Kweli nimefurahi. Enzi zetu tulikipima kimeng'enya kwa kukichanganya na penisilini tukitazama inavyopungua. Umbo tuliliota tu.

Madaftari hayapo. Panya waliyala tulipohama. Utakisafisha mwenyewe, akili unayo.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa limenichekesha. Mke wangu, 'M'e Nthabeleng, ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wanaolima maharagwe bonde hili. Kwa miaka minne sasa wanachanganya mbegu zao na unga mweusi wenye bakteria wa mizizi, na mashamba yaliyokuwa yakitoa gunia moja yanatoa matatu. Mwezi uliopita ikaja barua kutoka kamati moja Maseru. Unga huo unaweza kupigwa marufuku. Sababu: bakteria wake wana kimeng'enya kinachovunja penisilini, na wanaogopa sifa hiyo isije ikahamia kwa vijidudu vya hospitalini. Chini wameandika ushahidi: Seqhobane, 1984. 'M'e Nthabeleng aliisoma mezani wakati wa chakula, akanitazama, akauliza, "Seqhobane huyu ni nani? Namfahamu?"

Kamati inakaa tarehe 22 Oktoba, kabla ya mvua za kupandia. Makala yangu ilisema ilichosema. Wewe kuza fuwele zako.

M. Seqhobane


Grenoble, Ufaransa,
4 Julai 2004

Ntate,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ukuta nje ya jengo la mviringo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira. Ndani yake elektroni zinakimbizwa kwa duara, na zikipinda kona zinatoa eksirei kali kuliko zote nilizowahi kuzitumia. Nimesafiri na fuwele zangu ndani ya chupa ya nitrojeni ya baridi kali. Uwanja wa ndege afisa aliniuliza, "Humu mna nini?" Nikasema, "Protini." Akasema, "Nyama hairuhusiwi." Ilichukua nusu saa.

Tumepewa asubuhi ya leo, muda wa saa sita tu. Fuwele ya kwanza ilipasuka. Ya pili ikatoa kwenye skrini machache tu ya yale madoa ambayo umbo husomwa kutoka kwayo, tena yaliyofifia, nikataka kulia. Ya tatu ikatoa madoa kama mtu amemwaga mtama kwenye kioo, safu kwa safu, mpaka ukingoni. Ni chako hicho, Ntate, cha maharagwe. Fundi wa hapa, mzee mmoja mpole, aliniambia, "Unaweza kupumua sasa."

Viwili kati ya vile vingine vitatu navyo vimetoa madoa mazuri. Cha nne kimekataa kuwa fuwele. Ninavyo vitatu, vinatosha kuona kama ukoo mzima una mfuko mmoja.

Nikirudi nitaanza hesabu. Baada ya wiki chache nitakuwa nimeuona mfuko, na wewe utakuwa mtu wa kwanza kuandikiwa. Ahadi.

Keneuoe


Cape Town,
2 Agosti 2004

Ntate Seqhobane,

Nimerudi salama. Mvua hapa haikatiki, na mafua yamenipata.

Hesabu zinaendelea. Ramani ya atomu bado haijakaa sawa, kwa hiyo sina la kusema kwa sasa. Mambo haya huchukua muda, unajua kuliko mimi.

Kondoo hawajambo? Msalimie 'M'e Nthabeleng.

Keneuoe


Ha Sekantši,
21 Agosti 2004

Ausi Keneuoe,

Kondoo hawajambo. Theluji imeanguka mara mbili.

Barua yako nimeisoma. Nilifundisha miaka kumi na saba, na mwanafunzi akianza kuniuliza habari za kondoo huwa najua kuna chupa imevunjika mahali. Kama una kazi nyingi, usijilazimishe kuandika. Sikukuomba ahadi, uliitoa mwenyewe.

Akina mama walifanya mkutano wao hapa nyumbani Jumamosi iliyopita. Mmoja akaniuliza, "Ntate, wewe ndiye uliyeandika kwamba unga wetu ni mbaya?" Nikamjibu kwamba sikuandika habari za unga, niliandika habari za kimeng'enya. Akasema, "Na hicho kimeng'enya kimo kwenye unga?" Nikasema kimo. Akasema, "Basi." Nikatoka nikaenda kuangalia uzio ambao haukuwa na shida yoyote.

Ugua pole.

M. Seqhobane


Ha Sekantši,
3 Septemba 2004

Mwanangu Keneuoe,

Hunijui, nami sikujui ila kwa barua zako, ambazo naziona zinavyokunjwa na kukunjuliwa mpaka zimechanika mikunjo. Mimi ni Nthabeleng, mke wa Ntate Seqhobane. Anadhani niko kwa dada yangu.

Sitazunguka. Mume wangu alikwambia madaftari yaliliwa na panya. Nyumba yangu haina panya, na nimeudhika kusikia hivyo. Madaftari yamo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na tangu barua yako ya kwanza ifike analichukua moja, la jalada la kijani, analipeleka nyuma ya zizi. Anasoma kurasa zile zile. Akiniona anakuja analificha ndani ya blanketi, kama kijana aliyeshikwa na sigara. Nimeolewa naye miaka thelathini na minne, sijawahi kumwona akinificha kitu kilichoandikwa.

Haongei. Mkutano wa wanaume haendi. Ugali wa papa na mboga za moroho anavigusa tu, anasukuma sahani. Juzi nilimwambia, "Ulikuwa na mdomo mkubwa kuliko mlima, umeuweka wapi?" Akacheka kidogo kunifurahisha, na kicheko chenyewe kikaniogopesha zaidi.

Mimi si msomi wa mambo hayo, lakini nimelea watoto watano na najua uso wa mtu anayengoja kuambiwa jambo. Anadhani umegundua kitu juu yake. Na wewe, kwa barua ile fupi ya mafua, nakuona unaogopa kumwambia. Mnaviziana kama paka wawili, na katikati nimekaa mimi na maharagwe yangu.

Mwambie. Kama ni kibaya, mwambie kibaya. Usimhurumie, huruma yako ndiyo inayomla.

Na kama unga wetu ni mbaya kweli, tuambie pia. Hatutaki kumdhuru mgonjwa wa mtu ili sisi tule.

'M'e Nthabeleng Seqhobane


Cape Town,
14 Septemba 2004

Ntate,

Nimekudanganya. Ramani ilikuwa imekaa sawa tangu tarehe 26 Julai. Sikuwa na mafua.

Sasa nakueleza nilichokiona, kama ninavyoripoti kwa mtahini.

Kimeng'enya chako kina umbo zuri sana. Kwa mbali kinafanana na vile vinavyovunja penisilini: mikunjo ile ile, mgongo ule ule. Lakini katika vile, chini kabisa ya mfuko hukaa asidi amino moja ndogo, serini, na hiyo ndiyo inayoishika penisilini na kuikata. Kwenye chako, mahali pale pale, pana asidi amino nyingine, triptofani. Kubwa, bapa, imejaa pale kama ng'ombe aliyelala mlangoni. Serini hakuna. Nafasi hakuna. Nimejaribu kwa kompyuta kuiingiza penisilini kwa kila pembe, haiingii hata nusu. Nikatazama vile viwili vingine vya ukoo huo, kutoka bakteria wasiokaribiana kabisa na wako. Triptofani ile ile, mfuko ule ule.

Kwa hiyo naamini jina si lake. Ukoo huu hauvunji penisilini, na sidhani kama umewahi kuivunja.

Nilinyamaza kwa sababu ni jina ulilolitoa wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kupima kitu mara tatu kabla ya kukiandika. Kila nilipoanza barua niliona kama nakuvua koti mbele ya watu. Nisamehe. Sasa naona kwamba kunyamaza kulikuwa dharau kubwa zaidi.

Yapo mambo mawili yanayonisumbua.

La kwanza ni kamati. Profesa wangu alimpigia simu mmoja wao. Alijibu kwa heshima, lakini akasema: umbo ni picha, na Seqhobane alipima. Namba zake zipo, penisilini ilipungua. Mpaka mtu aeleze namba zile zilitoka wapi, watakwenda na namba. Na mimi siwezi kuzieleza.

La pili ni geni. Ndani ya mfuko, nyuma ya triptofani, kuna kitu. Si maji, si chumvi, si glaiseroli niliyotumia kugandishia. Ni bapa na kina pete tatu za atomu. Nimekichora nyuma ya karatasi hii. Kimeng'enya kilikuja nacho kutoka ndani ya bakteria, na hakikukiachia hata nilipokisafisha. Mchana kutwa nakitazama kama mtu anayetazama sura ya jamaa aliyesahau jina lake. Kama kinakukumbusha chochote, niambie.

Keneuoe


Ha Sekantši,
25 Septemba 2004

Keneuoe, mwanangu,

Panya hawajala kitu. Panya ni mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama dukani, nikaisoma tena nimekaa juu ya gunia la unga wa mahindi, na mwenye duka akaniletea maji akidhani nimefiwa. Nilikuwa nalia kweli. Nikamwambia, "Hapana, nimeachiliwa." Hakuelewa, akaniongezea maji.

Nisikilize. Machi 1984 nilikuwa ng'ambo, kijana, na sampuli yangu ilivunja penisilini. Polepole, lakini ilivunja. Nikapima mara tatu. Nikaandika. Makala ikakubaliwa, nikapongezwa, nikaahidiwa kazi nyumbani. Agosti 1985 nikapata chombo kipya cha kuchujia, kizuri kuliko cha mwanzo. Kwa udadisi tu nikaipitisha sampuli ile humo. Kwenye karatasi ya vipimo vikatoka vilima viwili badala ya kimoja, kila kilima protini yake. Kimoja kikubwa, hicho ndicho kimeng'enya changu. Cha pili kidogo mno, protini nyingine yenye ukubwa karibu sawa, iliyokuwa imejificha ubavuni mwa mwenzake. Nikavipima kila kimoja peke yake. Kile kidogo kilivunja penisilini. Kikubwa, sifuri. Nikarudia. Sifuri. Nikarudia mara ya tatu, kwa sababu nilikuwa mtu wa mara tatu. Sifuri.

Na huo uchafu mdogo haukutoka kwa bakteria wa maharagwe. Nilichunguza chupa zangu nikakuta zimeingiliwa na kijidudu cha hewani. Nilipokuza upya kwa usafi, kilima kidogo hakikutokea kabisa.

Nikaandika yote kwenye daftari la kijani. Kisha nikalifunga. Barua ya kazi ilikuwa imefika wiki ile ile. Nikasema nitasahihisha nikishatulia. Nikatulia, nikasema ni makala ndogo, nani ataisoma. Kisha wakaja watu wa kusoma jeni, wakikuta protini inayofanana na yangu wanaibandika jina nililolitoa, na nyingine inayofanana na hiyo wanaibandika vilevile. Nilipostaafu zilikuwa mia sita. Mia sita, Keneuoe, zote zimeitwa kwa kosa nililokuwa nimelificha chini ya kitanda.

Ulipoandika kwamba unakikuza kile changu, niliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Nilijua fuwele haitanihurumia. Ulipoandika habari za mafua, nikajua umeshaona, na nikadhani umenidharau.

Nimekwenda ofisi ya parokia wakanitolea nakala za kurasa za Agosti 1985. Zimo ndani ya bahasha hii. Zitumie. Usiondoe jina langu wala tarehe.

Sasa mchoro wako. Pete tatu, bapa. Angalia ukurasa wa mwisho, chini, maandishi ya penseli. Nilikuwa nimekimwaga kimeng'enya kilichobaki kwenye supu ile ya mizizi, niitupe. Nikaandika hivi: "Supu ya manjano imekuwa maji. Kwa nini?" Sikuwahi kujibu. Nilikuwa na haraka ya kusahau.

Mzizi wa haragwe hutoa kitu cha manjano kuwaita bakteria wake waje. Kina pete tatu. Wewe mwenyewe uliniambia fuwele zako zina umanjano.

Kimbia maabara.

M. Seqhobane

Tena: kuhusu zile chipsi, nakuomba radhi.


Cape Town,
11 Oktoba 2004

Ntate!

Nilikimbia. Kweli nilikimbia, na viatu vya mchuchumio, mlinzi akauliza kama kuna moto.

Niliagiza kile kitu cha manjano cha mizizi, nikakiyeyusha, nikadondoshea kimeng'enya chetu. Nilihesabu kwa saa ya ukutani. Dakika mbili na nusu, manjano yote kwisha, maji matupu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia mara tatu, unajua nimejifunzia wapi. Kisha nikachukua vile vingine vitatu vya ukoo, hata yule mkaidi aliyekataa kuwa fuwele. Vyote vinne vinafuta manjano. Penisilini niliiacha navyo kutwa nzima, haikupungua hata kidogo.

Kwa hiyo tunajua kazi yake. Mzizi unaita, bakteria wanakuja, na wakishafika kimeng'enya hiki kinauzima ule wito usiendelee kuita bila kikomo. Maji niliyokisafishia na kukikuzia fuwele yalikuwa makali kama siki, na humo kimeng'enya hulala. Ndiyo maana kilibaki kimeushika wito mkononi bila kuukata, mpaka eksirei zikakikuta hivyo hivyo. Profesa wangu aliitazama ramani akasema, "Basi hakina hatia." Kisha akaenda kutuagizia keki.

Ripoti ya kamati ni hii. Maseru sijaituma, utaipeleka wewe. Nimeiandika kwa namna mbili, Ntate. Moja ina kurasa zako za 1985. Nyingine haina; inasema tu kwamba sampuli ya 1984 inaelekea haikuwa safi, bila kusema kwamba kuna aliyejua. Ya pili ni dhaifu, lakini huenda ikatosha. Chagua wewe. Sitakulaumu kwa yoyote.

Mtahini wangu hataniruhusu kusafiri wiki ile. Inaniuma.

Keneuoe


Ha Sekantši,
24 Oktoba 2004

Mwanangu,

Nimerudi jana. Nakueleza kwa mpangilio, maana 'M'e Nthabeleng amekaa hapa mbele yangu anahakikisha siruki kitu.

Kabla ya kwenda nilimwonyesha daftari. Niliona haifai aje alisikie ukumbini pamoja na wageni. Alisoma kurasa zote, na yale asiyoyaelewa akaniuliza. Mwishoni akasema, "Miaka kumi na tisa umelala juu ya hili sanduku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndiyo maana mgongo unakuuma." Kisha akaingia chumbani akanitolea suti.

Tulikwenda sita: mimi na akina mama watano wenye blanketi zao nzuri. Wanakamati walikuwa saba. Ripoti yako ilikuwa mbele yao, ile yenye kurasa zangu, maana ndiyo niliyoichagua. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akaeleza fuwele kwa maneno yako, triptofani, pete tatu, akaeleza vizuri. Yule bwana wa namba, aliyezungumza na profesa wako kwa simu, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, umbo nalikubali. Lakini kipimo cha 1984 kipo kwenye maandishi, kurasa hizi ni nakala tu, na mwandishi hajawahi kukikanusha hadharani."

Nikasimama. Nikasema, "Mwandishi ni mimi. Naja kukikanusha."

Yule bwana akanigeukia. Akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Agosti 1985."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu, Keneuoe, lenye hali ya wakati ule na vifaa vya wakati ule. Nikaliacha. Nikasema, "Niliogopa kukosa kazi. Baadaye niliogopa aibu. Hakuna sababu nyingine."

Nikaweka daftari la kijani mezani. Likazunguka mkono kwa mkono. Yule bwana alikaa nalo muda mrefu kuliko wote, akafuatilia vile vilima viwili kwa kidole. Nilingoja anitukane. Akasema, "Sifuri tatu. Kazi safi hii." Kisha akavua miwani, akaipangusa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungetuambia mapema, Ntate." Nikamwambia, "Ningewaambia mapema, ndiyo."

Walitutoa nje kama saa nzima. Akina mama wakatoa mikate na chai ya chupa, wakala. Yule aliyeniambia "basi" mwezi wa nane akanikatia kipande kikubwa, akanipa bila kunitazama, kisha akanitazama.

Tuliporudi, mwenyekiti akasoma: unga unaruhusiwa. Kamati inaomba bakteria wake wapimwe kila mwaka kuona kama ni safi, jambo ambalo kila mmoja wetu alilikubali. Mimi natakiwa kuliandikia jarida lile nikiiondoa makala yangu. Nimeshaiandika. Ina sentensi nne, nimetaja kazi yako, na ndiyo makala niliyoiandika kwa raha kuliko zote.

Akina mama walipiga vigelegele pale pale ukumbini, mbele ya saini na mihuri. Mwenyekiti akajifanya anapanga karatasi, lakini nilimwona anacheka. 'M'e Nthabeleng hakupiga kigelegele. Alikuja akanishika mkono wa koti, akaushika hivyo mpaka barabarani, kama mtu anayeogopa mwenzake atapeperuka.

Akina mama walibaki Maseru kuchukua mbegu, mimi nikatangulia na basi la asubuhi. Na hapa ndipo anapotaka nikueleze ukweli wote. Nililala. Sijalala hivyo tangu ujana, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi. Kondakta anasema aliniita jina mara mbili nikamjibu "sifuri" nikaendelea kukoroma. Nilipoamka tulikuwa tumepita kijiji changu na vingine vitatu. Abiria wote walikuwa wananitazama. Bibi mmoja akasema, "Mwacheni, huyu ametoka kwenye msiba." Nikamwambia, "Hapana, 'M'e, nimetoka kwenye sherehe." Nikashuka.

Ilikuwa mchana, na mvua ya kwanza ikaanza. Nilirudi kwa miguu saa tatu nzima, na suti yangu, na daftari ndani ya shati. Njiani wachungaji walinipigia miluzi wakiniuliza mzee anakwenda wapi kwenye matope na tai. Nikawapungia mkono. Maji yalikuwa yananiingia shingoni na viatu vimejaa, nami natembea polepole. Sikuwa na haraka ya kufika popote.

M. Seqhobane